Kuhamisha Barua Pepe Goma: Seva Iende, Ufunguo Ubaki

Mwaka 1997 Zaire ilipozikwa, na nchi ikarejea jina lake la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, bendera ilibadilika kwa siku moja. Fedha ilichukua zaidi ya mwaka: faranga ya Congo ilianza kutumika katikati ya 1998. Anwani za intaneti zilichukua miaka 4. Herufi .cd zilipatikana mwaka huohuo wa 1997, lakini .zr, mali ya nchi isiyokuwapo tena, ziliachwa ziendelee kuishi hadi 2001 ndipo zikafutwa katika orodha kuu ya dunia. Na waliokuwa wakizitumia walikuwa wachache mno. Uzembe unaweza kuwa na sehemu yake katika ukawiaji huo, ila sababu kubwa iko katika maumbile ya anwani yenyewe. Bendera iko mikononi mwa anayeitundika. Anwani iko mikononi mwa wanaokuandikia. Imechapwa kwenye kadi zao, imeandikwa kwenye mikataba yao, imejificha kwenye simu za watu ambao hujawahi kuwaona. Huwezi kuiita irudi nyumbani kwa amri.

Katika nchi hiyohiyo, upande wa mashariki, ukipita barabara ya Goma kwenda Sake utasoma vibao vya mashirika, shule, zahanati na kampuni za usafirishaji, na chini ya jina na nambari za simu mara nyingi kuna anwani inayoishia na yahoo.fr au gmail.com. Hiyo ni anwani iliyofunguliwa na mtu, kwa jina la mtu, hata kama kibao ni cha taasisi. Ofisi nyingine, hasa zilizokua kwa fedha za wafadhili, zina kikoa chao wenyewe na seva iliyowekwa katika chumba cha nyuma, si mbali na jenereta. Makundi haya mawili huonekana kuwa na maradhi tofauti, na mafundi huyauzia dawa tofauti. Naona ugonjwa ni mmoja. Katika mji kama Goma, kazi ya kuhamisha barua pepe isianze na swali la programu gani inunuliwe wala kampuni gani ina bei nafuu. Ianze na swali la nani ameshika jina na funguo siku ambayo ofisi haifikiki. Likijibiwa hilo, linalofuata huja karibu lenyewe: barua ziende kukaa nje ya mji, na mamlaka juu yake yabaki kwa taasisi, mikononi mwa watu zaidi ya mmoja wasiolala katika mji mmoja.

Barua pepe ya ofisi ni vitu vitatu vilivyofungwa kitita kimoja, na taabu nyingi za kuhama hutokana na kuvichanganya. Kuna jina, yaani kikoa kinachofuata alama ya @, ambacho hakinunuliwi moja kwa moja bali hukodishwa kwa mwaka, na daima kuna mtu fulani aliyejiandikisha na kadi fulani inayolipa. Kuna njia, yaani kumbukumbu za MX zinazoiambia dunia kwamba barua za jina hilo zipelekwe kwenye seva fulani. Na kuna ghala: barua zilizokwisha kupokelewa, za miaka kumi au kumi na mitano, pamoja na viambatisho vyake. Fundi akisema anahamisha barua pepe, mara nyingi akili yake iko kwenye ghala, kwa kuwa ndilo zito na ndilo linaloonekana likisogea kwenye skrini. Lakini ghala likichelewa wiki mbili, watu watanung'unika tu. Njia ikikosewa kwa nusu siku, barua zinarudi kwa waliozituma na wengine hawatumi tena. Jina likipotea, ghala na njia havina maana. Mpangilio wa kazi ungepaswa kufuata ukubwa wa hasara, nao ni kinyume kabisa na ukubwa wa gigabaiti.

Goma yenyewe imetoa ushahidi mara tatu, na kila mara umekuwa wa namna tofauti. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita juu ya maduka na ofisi, ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Kilichopotea siku ile kilikuwa jengo, na kila kilichokuwa ndani yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifungua kinywa tena. Lava ilisimama kaskazini kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini ardhi haikutulia, na tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu walielekea Sake, Minova, Rutshuru, wengine Bukavu kwa boti, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Ofisi nyingi za mjini hazikuguswa na jiwe hata moja. Kilichotoweka kilikuwa watu: seva iliyoachwa ikiwaka ingewaka hadi mafuta ya jenereta yaishe, na aliyejua nywila yake alikuwa njiani na godoro kichwani. Kisha tarehe 27 Januari 2025 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, intaneti ikakatika pia, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango kwa miezi. Safari hii majengo yalikuwapo na watu wengi walikuwapo. Kilichopotea kilikuwa uwezo wa kulipa, pamoja na uhakika wa nani ana haki ya kufungua mlango wa ofisi ya nani.

Jengo, watu, fedha. Ofisi iliyojifunza kutokana na 2002 peke yake ingenunua kabati la chuma na kuweka nakala katika jengo la pili mtaa wa Himbi. 2021 ingeikuta nakala salama na mtu wa kuifungua hayupo. Iliyojifunza kutokana na 2021 ingempa mhasibu nywila ya pili na kuhamia kwenye huduma ya nje inayolipwa kila mwezi kwa kadi ya benki. 2025 ingekuta kadi haina benki nyuma yake. Kila mpango uliobuniwa kwa ajili ya janga lililopita umekuwa na tundu la kupitisha lile linalofuata. Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza kama seva ya ndani ni bora kuliko ya nje kwa ujumla. Swali lenye maana ni kila sehemu ya kitita ivumilie kukosa nini, na kwa siku ngapi.

Seva ya chumba cha nyuma ina watetezi wake, na hoja zao hazikutoka hewani. Umeme wa Goma wa leo si ule wa miaka 15 iliyopita. Kituo cha Matebe, cha megawati 13.8 kwenye maji yanayotoka hifadhi ya Virunga, kilizinduliwa Desemba 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini humo. Ofisi iliyounganishwa vizuri na yenye betri inaweza kuwasha seva wiki nzima bila kugusa jenereta. Seva hiyo ni yao, wanaiona, na barua kati ya chumba kimoja na kingine hazihitaji kutoka nje ya nchi. Haya ni kweli katika siku nzuri. Lakini seva ya barua inahitaji zaidi ya umeme. Inahitaji mtu wa kuiziba matundu kila mwezi. Machi 2021 wadukuzi walipopenya kwa wingi seva za barua za Exchange duniani kote kupitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa ndiyo kwanza imetoa kiraka chake, walioumia zaidi ni wale wenye seva zao ofisini na fundi anayekuja mara moja kwa muda. Waliokuwa kwenye huduma ya wingu ya kampuni hiyohiyo hawakuhusika na udhaifu ule. Na tangu 14 Oktoba 2025 matoleo ya Exchange ya 2016 na 2019 hayapewi tena viraka kwa utaratibu wa kawaida. Anayeendelea kuyatumia anaishi katika nyumba ambayo fundi wa kufuli ameshastaafu.

Isidhaniwe kwamba kukaa kwa mwenye nyumba mkubwa ni kinga. Desemba 2022 kampuni ya Marekani ya Rackspace ilivamiwa na wadukuzi wanaofunga mafaili na kudai fidia, na huduma yake ya Exchange kwa wateja ikazimika moja kwa moja; kampuni iliamua kutoifufua. Wateja waliokuwa wameshika jina la kikoa wenyewe waligeuza njia kwenda kwa mtoa huduma mwingine wakaanza kupokea barua tena, hata kabla ya kupata ghala lao la zamani. Hapo ndipo tofauti kati ya jina na ghala inapoacha kuwa nadharia ya darasani.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu wa Goma atalitoa ni intaneti yenyewe. Utawezaje kuweka barua nje wakati waya unaokufikisha huko unakatika kila mara? Tangu 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchini kote kwa siku 20 hivi. Pingamizi hili lina nguvu machoni, lakini ukilichunguza linageuka upande wa pili. Kanuni za usafirishaji wa barua pepe, SMTP, zinataka seva inayotuma isikate tamaa mara moja ikikuta mlango umefungwa. Ijaribu tena na tena kwa siku 4 au 5, ndipo imrudishie mwandishi. Baadhi ya watoa huduma wakubwa siku hizi hawasubiri hata hizo. Baada ya siku moja wanarudisha. Sasa fikiria seva iliyoko Goma katika zile siku 20. Kuanzia siku ya pili au ya sita, kila aliyeiandikia angepata jibu kwamba anwani haifikiki. Mfadhili wa Brussels angeona barua yake imerudi na kudhani shirika limekufa. Seva ikiwa nje, barua inapokewa, inawekwa sandukuni na kumsubiri mwenyewe. Kukatika kwa intaneti humzuia mwenye ofisi kusoma katika hali zote mbili. Ila katika moja tu ndiko humzuia pia mwandishi kuandika. Na mwenye ofisi ana miguu. Watu wa mpakani wamezoea kutembea na laini ya simu ya Rwanda mfukoni, na ng'ambo ya kivuko cha mpaka cha Petite Barrière mawimbi ni mengine. Seva haina miguu.

Setilaiti nayo hutajwa kama suluhisho. Machi 2024 mdhibiti wa mawasiliano, ARPTC, alipiga marufuku Starlink nchini, na Mei 2025 akaipa leseni. Kifaa kilekile kilikuwa kosa mwaka mmoja na halali mwaka uliofuata. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba mfumo wa barua wa ofisi usitegemee dishi ambalo uhalali wake hubadilika kwa tangazo.

Pingamizi la malipo ndilo zito kuliko yote, na wengi wa wanaouza huduma za wingu hulipita kimyakimya. Seva ya ndani ukishainunua ni yako. Ya nje unailipia dola kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na kampuni hizi kwa kawaida hazipokei M-Pesa wala Airtel Money. Usajili wa Microsoft 365 ukikosa kulipwa, kwa kawaida akaunti huendelea kufanya kazi siku 30, kisha hufungwa na kubaki msimamizi peke yake anayeweza kuchukua data kwa siku 90, baada ya hapo kila kitu huweza kufutwa. Jumla siku 120. Hesabu kuanzia 27 Januari 2025: zinaishia mwishoni mwa Mei, na wakati huo benki za biashara za Goma zilikuwa bado zimefungwa. Ofisi ambayo kadi yake pekee ilitolewa na tawi la Goma, na ambayo haikuwa na mtu nje wa kuilipia, ingeweza kupoteza barua zake zote bila risasi moja kufika kwenye paa lake.

Hili sioni kama ni sababu ya kurudi kwenye seva ya chumba cha nyuma. Ni sababu ya kuyafanya malipo yawe sehemu ya mpango wa kuhama, yakiwa na uzito uleule wa nywila. Jina la kikoa lilipwe kwa miaka 5 au hata 10 mbele. Gharama yake ni ndogo na ndilo kitu ambacho hakipaswi kabisa kuanguka. Huduma ya barua ilipwe kwa mwaka, na mwaka huo usianze Januari bali katika mwezi ambao ofisi ina fedha. Awepo mlipaji wa pili: ofisi dada ya Bukavu au Kinshasa, mjumbe wa bodi anayeishi Nairobi, mfadhili aliyekubali kwa maandishi. Mashirika yasiyo ya faida yanaweza kupata vibali vya bure au vya bei pungufu kutoka Google na Microsoft, na ni busara kuviomba, mradi neno bure lisiwalaze usingizi. Mwaka 2022 Google iliwaambia waliokuwa wakipata barua pepe ya vikoa vyao bure kwa miaka mingi kwamba ofisi za biashara sasa zilipe. Na ile yahoo.fr ya kwenye kibao haiko salama zaidi: Yahoo hufuta sanduku lisiloguswa kwa mwaka mzima, na tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi zilizolala miaka 2. Mkurugenzi aliyefungua akaunti ile akihamia Canada na kuisahau, ofisi yake itasahauliwa pamoja naye.

Kuna wanaopinga kwa ajili ya siri na uhuru wa nchi. Kwa nini barua za Wakongo zilale Ireland au Marekani? Sheria ya kidijitali ya Congo, iliyotolewa kwa amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya data binafsi, na haikubali kwamba data za watu zipelekwe nje ovyoovyo. Ofisi inayohama bila mwanasheria kuisoma sheria hiyo inajitafutia kesi. Lakini kwa Goma swali la siri lina sura ambayo mwanasheria wa Kinshasa anaweza asiione. Mashirika mengi ya mji huu hutunza majina ya walionusurika ubakaji, ya mashahidi, ya watoto waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Anayeweza kuyataka majina hayo hakai lazima California. Huenda akawa mtu mwenye bunduki anayesimama mlangoni saa hii. Data iliyo nje huweza kuombwa na mahakama ya kigeni. Data iliyo chini ya meza huchukuliwa na yeyote aliyevunja mlango. Kati ya hatari hizi mbili najua ipi imekuwa karibu zaidi na mtaa wa Katindo. Hata hivyo nakiri jambo moja kwa wapinzani: faili la manusura halikupaswa kuwamo katika barua pepe tangu awali, ya ndani wala ya nje, na kuhama ndiyo nafasi ya kulitoa humo badala ya kulibeba pamoja na mizigo mingine.

Na wanaosema barua pepe imepitwa, kila kitu kiko WhatsApp? Wana haki kuhusu kasi. Ila kikundi cha WhatsApp kinamilikiwa na nambari za simu za watu, na anayeacha kazi huondoka na mazungumzo yake. Mkaguzi wa hesabu hatakubali picha ya skrini mahali pa mkataba.

Tukubaliane basi kuhama, na tuangalie kazi yenyewe. Inaanza na hesabu ya majina, na hiyo huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Sanduku la kila mfanyakazi ni rahisi kuliona. Yasiyoonekana ni yale ya pamoja: la zabuni, la malalamiko, la ghala la dawa, lile ambalo mashine ya kunakili hulitumia kutuma nyaraka ilizosoma, lile la mfanyakazi aliyefariki ambalo bado hupokea taarifa za benki. Kila moja liwe na mtu anayelijibia, au lifungwe kwa uamuzi ulioandikwa. Wakati huohuo jina la kikoa lichunguzwe: nani ameandikishwa kama mwenyewe? Mara nyingi jibu ni fundi aliyetengeneza tovuti miaka 8 iliyopita, na barua ya kuhuisha usajili huenda kwa anwani yake. Kabla hajarudisha umiliki kwa taasisi, hakuna kinachopaswa kuhamishwa. Fundi mwenyewe asichukuliwe kama adui. Mara nyingi alilipa kwa mfuko wake kwa kuwa ofisi ilichelewa.

Kisha hesabu ya njia na muda. Chukua ofisi ya watu 40, kila mmoja na gigabaiti 5 za barua: gigabaiti 200. Kwa muunganisho unaopakia megabiti 4 kwa sekunde bila kusita, hiyo ni saa 111. Lakini mchana watu wanafanya kazi, kwa hiyo baki na saa 8 za usiku: siku 14, ikiwa umeme hautakatika na intaneti haitayumba, sharti ambalo hakuna mtu wa Goma atakayelitia sahihi. Ndiyo maana ghala lisibebwe siku ya kugeuza njia. Nakala ya kwanza ianze mwezi mmoja mapema, ikienda polepole kila usiku, ikirudiwa kwa kuongeza barua mpya tu. Barua za zaidi ya miaka 3 zinaweza kubaki kwenye diski iliyosimbwa na kupelekwa baadaye, au zisipelekwe kabisa. Kwa mizigo mikubwa sana diski ndani ya mkoba hushinda waya: anayepanda basi la kwenda Kampala na gigabaiti 200 kwenye mkoba atafika na kuzipakia kabla ofisi haijamaliza usiku wake wa nne. Mji uliojengwa kwa migongo ya chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, hauna sababu ya kuona aibu juu ya njia hiyo, ilimradi diski ikipotea asiwepo mtu wa kuweza kuisoma.

Kugeuza njia ni kazi ya dakika chache inayohitaji maandalizi ya siku kadhaa. Seva za majina duniani hukumbuka jibu la zamani kwa muda ulioandikwa na mwenye kikoa, wakati mwingine hadi saa 24. Siku 2 kabla, muda huo ushushwe hadi dakika 5, ili kosa likitokea lirekebishwe kabla dunia haijalizoea. Siku yenyewe isiwe mwisho wa mwezi, wakati mishahara na ripoti za wafadhili zinatoka, wala Ijumaa alasiri. Seva ya zamani iendelee kupokea kwa wiki 2 au 3, kwa kuwa wapo watakaoendelea kuigonga. Pia lazima ofisi ijitambulishe upya: rekodi za SPF, DKIM na DMARC ziandikwe kwa ajili ya seva mpya. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai uthibitisho huo kwa wanaowatumia barua, na kwa ukali zaidi kwa wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku. Ofisi ndogo ikiusahau, huenda isipate onyo lolote. Barua zake zinaweza kuangukia tu kwenye taka za mfadhili, na kila upande utadhani mwenzake amenyamaza.

Baki la kazi ni watu na simu zao. Uthibitisho wa hatua mbili ni wa lazima, lakini ule wa ujumbe mfupi hautufai. Nambari ya Vodacom au Airtel haifuati mtu vizuri ng'ambo ya mpaka, na laini hupotea katika kukimbia kama viatu vinavyopotea. Programu inayotoa namba ndani ya simu bila mtandao, pamoja na orodha ya namba za akiba iliyochapwa na kufungwa kwenye bahasha mbili, moja Goma na nyingine mbali, inafanya kazi pale ujumbe mfupi unaposhindwa. Wasimamizi wakuu wawe wawili au watatu, na angalau mmoja asiwe mkazi wa Goma. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa, ukurasa mmoja, na yajaribiwe kwanza na mlinzi wa stoo na karani wa mapokezi, si na vijana wa kompyuta. Mkurugenzi ahamishwe katika kundi la kwanza la majaribio. Atalalamika, na malalamiko yake yatapata bajeti.

Seva ya zamani ndiyo inayosahauliwa. Imezimwa, imefunikwa kitambaa, na ndani yake miaka 10 ya barua bado inasomeka kwa mtu yeyote mwenye bisibisi na nusu saa. Iandikwe katika mpango tarehe ambayo diski zake zitafutwa au kupondwa, jina la atakayefanya hivyo na jina la atakayeshuhudia, na tarehe hiyo isizidi miezi 3 baada ya kuhama. Ile anwani ya yahoo.fr, kinyume chake, isifungwe upesi. Ipewe nywila mpya inayomilikiwa na ofisi, ipeleke barua zake kwenye anwani mpya, na mtu aifungue kila mwezi isije ikahesabiwa kuwa imekufa. Miaka 4, kama .zr, si mingi. Kwenye orodha ya kazi, baada ya mistari yote ya MX na diski, ubaki mstari mmoja wa mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta: fundi wa rangi, na ngazi yake, chini ya kile kibao cha barabara ya Sake.